Mdogo wangu anavuta bangi, na sasa anasema redio ya jirani inamtaja jina

Shikamoo Mama,

Mimi ni dada wa miaka 31, nauza nguo za mitumba soko la Memorial hapa Moshi. Naishi Pasua na mume wangu, wanangu wawili na mdogo wangu wa mwisho kuzaliwa, ambaye hapa nitamwita Dogo. Ana miaka 19. Amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), matokeo yametoka mazuri na amepata chuo Dar es Salaam. Mwezi ujao anatakiwa kuripoti.

Dogo anavuta bangi. Alianza akiwa kidato cha tatu, na kwa muda mrefu tulichukulia ni ujana wa kijiweni tu, mwisho wa wiki na wenzake. Tangu amalize shule anavuta kila siku, msokoto wa kwanza kabla ya chai. Anajifungia chumbani na kuchoma udi kuficha harufu, akitoka ameshatia dawa ya matone ili macho yasionekane mekundu. Nikimsema ananijibu kisomi: "Dada, huu ni mmea tu. Marekani unauzwa dukani, hospitalini wanautumia kama dawa. Pombe ya baba ndiyo inayoua watu." Na kwa kweli nashindwa kumjibu, maana usiku nikishika simu nitafute ukweli, mmoja anasema bangi inatibu kifafa, mwingine anasema inatia uchizi, wa tatu anasema hakuna mtu anayeweza kuwa teja wa bangi. Wote wanasema utafiti umeonyesha.

Lililonifanya nikuandikie ni jipya. Kwa kama miezi miwili sasa Dogo amebadilika. Halali. Saa nane za usiku namsikia anatembea uani. Anasema redio ya jirani inamtaja jina. Nilidhani anatania, mpaka siku niliporudi sokoni nikamkuta jirani amesimama mlangoni kwetu na waya mkononi: Dogo aliruka ukuta akaukata kwa kisu cha jikoni. Kamera ya simu yake ameibandika plasta, mbele na nyuma. Chakula nilichopika mimi hali mpaka anione nimekionja. Kuoga mpaka abembelezwe, yeye aliyekuwa akipiga pasi hata fulana ya kulalia. Anacheka peke yake, halafu ghafla anatulia kama anayemsikiliza mtu.

Familia imegawanyika. Mama anasema ametupiwa kitu na watu walioona wivu kwa matokeo yake, anataka kumpeleka kwenye maombi akafunge. Baba anasema ni bangi na kiburi, apelekwe polisi alale ndani kidogo, akili zitamrudia. Mume wangu anasema tumwache aende chuo, akiachana na vijiwe vya Pasua atakaa sawa. Mimi namkumbuka baba yetu mdogo. Tulipokuwa watoto alikuwa akifungiwa chumba cha nyuma kule kihambani Kibosho, akizungumza na watu tusiowaona, na hakuna aliyetuambia alikuwa akiumwa nini. Bangi hakuwahi kuvuta, mbege alikunywa kama wengine wote.

Jambo moja zaidi. Krismasi iliyopita tulikuwa Kibosho na Dogo hakuipata bangi yake. Siku ya pili tu hakushikika. Mtori, ambao anaupenda tangu mdogo, aliusukuma mezani, akagombana na mama kwa sababu ya kijiko. Usiku anatoka jasho na kupiga kelele ndotoni. Huo si uteja?

Nisaidie, Mama. Bangi inafanya nini hasa kwenye ubongo? Hiki tunachokiona ni bangi, au ni ugonjwa wa baba mdogo? Na chuo nimruhusu aende?

Dada wa Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Swali lako la pili, kama ni bangi au ni ugonjwa wa baba mdogo, ndilo linaloigawa familia yenu, na ndilo ambalo halina haja ya kujibiwa kwanza ili Dogo atibiwe. Kijana anayesikia redio ikimtaja, anayehofia chakula cha dada yake, asiyelala, na ambaye ameshafika hatua ya kuruka ukuta na kisu kwa ajili ya sauti hizo, huyo ni mgonjwa leo. Madaktari huiita hali hiyo saikosisi: akili inashindwa kutenganisha kilichopo na kisichokuwepo. Bangi inaweza kuileta. Skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, inaweza kuileta, na baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, pia. Hata malaria iliyopanda kichwani, kifafa, VVU au kaswende iliyokaa mwilini muda mrefu vinaweza kumfanya mtu aonekane hivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna mtu wa kikao cha ukoo atakayeijua sababu kwa kumtazama. Mpeleke hospitali wiki hii, hata kama nyumbani bado wanabishana.

Ninyi wa Moshi hamna haja ya kusafiri mbali. Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC wana idara ya magonjwa ya akili. Ukifika mapokezi sema wazi kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili, usiishie kusema "mgonjwa anaumwa kichwa" kwa kuona aibu, utapoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yako. Kama hamna bima, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini. Nenda na karatasi uliyoandika nyumbani: lini usingizi ulianza kupotea, lini redio ilianza kumtaja, amevuta kwa muda gani na mara ngapi kwa siku, kama kuna pombe, mirungi au vidonge pamoja na bangi, na habari za baba mdogo. Hizo za baba mdogo usizifiche. Muulize bibi yenu kabla hujaenda, kama yupo: alianza kuumwa akiwa na umri gani, aliwahi kutibiwa wapi, alipona vipindi fulani au hapana? Kwa daktari, majibu ya bibi yana uzito kuliko kipimo cha mkojo. Mkojo wa mtu anayevuta kila siku unaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya msokoto wa mwisho, kwa sababu kemikali yake hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu. Utathibitisha tu kwamba amevuta, jambo ambalo mnalijua tayari.

Najua utaniuliza, atakubalije kwenda? Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Usimwambie anaenda kutibiwa uchizi, na usimwambie anaenda kuachishwa bangi. Vyote viwili atavikataa, na kwa akili aliyonayo sasa ataona na wewe umo kwenye njama. Shika kile ambacho yeye mwenyewe kinamtesa, yaani usingizi. Mwambie, "Mdogo wangu, naona hulali, na mimi silali nikikusikia uani. Twende kwa daktari atusaidie upate usingizi." Huo si uongo, ni sehemu ya ugonjwa na daktari ataanzia hapo hapo. Kuhusu redio, usibishane naye kwamba haisemi, na usimkubalie kwamba inasema. Mwambie, "Mimi siisikii, lakini naona inakuogopesha." Sentensi hiyo imewatuliza vijana wengi kuliko ushahidi wowote. Atakayekwenda naye awe mtu anayemwamini, na kwa barua yako naona ni wewe. Baba abaki nyumbani siku ya kwanza.

Kabla ya siku hiyo, kisu cha jikoni, panga na dawa za mifugo au za wadudu viondoke mahali anapovifikia, na mjulishe jirani wa redio kwa upole kwamba kijana anaumwa. Wanao wasiachwe naye peke yao kwa sasa. Si kwamba ni mtu mbaya, ila mtu aliyejaa hofu anaweza kujitetea dhidi ya kitu ambacho hakipo. Akisema sauti zinamwamuru kufanya jambo, akizungumzia kufa, au akiacha kabisa kula na kunywa, usisubiri asubuhi. Mchukueni usiku huo huo, watu wawili wazima na gari, si bodaboda.

Sasa nije kwenye ubongo, maana umeuliza vizuri na unastahili jibu lisilopakwa rangi.

Ndani ya bangi mna kemikali nyingi, lakini inayompa mtu stimu inaitwa THC. Ilitengwa mwaka 1964 na wanasayansi wa Israel, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Ilichukua muda mrefu baada ya hapo kujua kwa nini inafanya kazi: mwishoni mwa miaka ya 1980 ikagundulika kwamba ubongo una vipokezi vyake vinavyoipokea, na mwaka 1992 ikapatikana kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo. Kwa maneno mengine, sote tuna mfumo huu tangu kuzaliwa. Kazi yake ni kupunguza kelele kati ya seli na seli: hofu isizidi, njaa ije kwa wakati, kumbukumbu ihifadhiwe, usingizi ufike. Mwili hutoa kemikali hiyo kidogo kidogo, pale tu inapohitajika, na kuifuta mara moja. Wewe wa Kibosho unaijua mifereji ya kihambani: kila mtu hufungua maji kwa zamu yake, kwenye migomba yake, kisha anafunga. THC inafungua mashamba yote kwa mpigo na kuacha maji yapite kwa saa kadhaa.

Vipokezi hivyo vimejaa sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ndiyo maana mvutaji husahau alichokuwa akisema katikati ya sentensi. Vimo kwenye sehemu ya mwendo na mizani, kwa hiyo mtu aliyevuta hafai kushika usukani wala kuendesha pikipiki hata kama anajiona yuko sawa. Vimo kwenye sehemu ya hofu na kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kujizuia. Ila ni vichache sana kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, na hiyo ndiyo sababu mtu hafi kwa kuzidisha bangi kwa namna ambavyo hufa kwa kuzidisha heroini. Machalii wanaosema "bangi haijawahi kuua mtu" wanasimamia hapo, na kwa hilo moja hawakosei sana. Wanakosea kuhusu mengine.

Sehemu ile ya mbele ndiyo hukomaa mwisho, inakaribia miaka 25, na mfumo huu wa asili ndio mmoja wa mafundi wanaoijenga. Umri wa kuanza, kwa hiyo, ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayeanza na miaka 15 au 16, kama Dogo, anaingiza THC kwenye jengo ambalo bado linajengwa. Huko Dunedin, New Zealand, watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba walioanza bangi wakiwa vijana wadogo na kuendelea nayo kwa miaka walishuka alama za akili (IQ), kama 8 kwa wastani, walipofika miaka 38. Nikuambie pia upande wa pili, kwa sababu Dogo ni mwanafunzi wa sayansi na ataupata. Utafiti wa mapacha wa Marekani, uliotoka 2016, haukukuta tofauti kati ya pacha aliyevuta na ambaye hakuvuta, hivyo wapo wanaosema kushuka kule kulitokana na mazingira ya nyumbani na shule. Suala la alama za akili bado linabishaniwa. Suala la saikosisi halibishaniwi kiasi hicho.

Uswidi waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Matokeo ya 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mwingine wa vituo 11 vya Ulaya na Brazil, ambao uliwalinganisha wagonjwa waliopata saikosisi kwa mara ya kwanza na watu wa kawaida wa maeneo yale yale. Waliokuwa wakivuta kila siku bangi kali, ile yenye THC asilimia 10 na zaidi, walikuwa na uwezekano karibu mara 5 ya wasiowahi kuvuta. Na bangi ya leo ndiyo inaelekea huko. Nchini Marekani, ile iliyokamatwa na vyombo vya dola ilikuwa na THC kama asilimia 4 mwaka 1995, na kama asilimia 12 mwaka 2014. Kwetu, vijana hawavuti tu ile ya kale ya kule Kisimiri na miteremko ya Meru. Skanka, yaani bangi kali yenye THC nyingi, imeshaingia, na anayenunua kete kijiweni hana njia ya kujua ameuziwa nini.

Mara 5 ni nyingi, lakini usiisome vibaya. Skizofrenia huwapata chini ya watu 1 katika 100, kwa hiyo hata ikizidishwa mara 5, wengi wanaovuta hawaugui. Nasisitiza hili kwa sababu wazazi wengi huwaambia watoto kwamba kila mvuta bangi atakuwa chizi. Mtoto anatazama kijiweni, anawaona kumi wanaovuta na wako timamu, na kuanzia siku hiyo hakuamini tena kwa lolote. Mwambie Dogo ukweli wake yeye: wewe una baba mdogo. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo anaanza safari akiwa na hatari zaidi ya wengine, na bangi inaongeza juu yake. Anachokimudu rafiki yake si lazima akimudu yeye. Baba mdogo aliugua bila bangi, na Dogo pengine angeweza kuugua bila bangi, au asiugue kabisa kama asingevuta. Hakuna daktari anayeweza kukuapia. Kinachojulikana ni kwamba akiendelea kuvuta wakati anatibiwa, atarudi wodini mapema na mara nyingi zaidi.

Kuhusu duka la Marekani, anasema kweli. Colorado ilianza kuuza bangi madukani tarehe 1 Januari 2014, lakini kwa wenye miaka 21 na kuendelea. Kwa sheria hiyo anayoisifia, Dogo asingeuziwa. Dawa ya kifafa nayo ipo: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo haileti stimu, kwa wagonjwa wa miaka 2 na kuendelea wenye aina mbili za kifafa kigumu. Inapimwa kwa mililita na kuandikwa na daktari. Msokoto wa Pasua una THC nyingi na CBD kidogo, na THC ndiyo inayochochea sauti. Na kuhusu pombe ya baba, hapo amesema jambo ambalo baba angefaa kulisikiliza siku nyingine. Pombe inaua, ndiyo. Haitoi ruhusa kwa kingine.

Uliuliza kama Krismasi ile ilikuwa uteja. Ndiyo, mwanangu, uliyoyaona ndiyo dalili zenyewe: hasira za ghafla, kukosa hamu ya kula, jasho, usingizi mbovu wenye ndoto kali. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuacha, hukolea ndani ya wiki ya kwanza na wengi hutulia baada ya wiki mbili, ingawa usingizi unaweza kusumbua mwezi mzima au zaidi. Kati ya waliowahi kujaribu bangi, kama 1 katika 10 huishia kuwa mtegemezi. Walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama 1 katika 6. Haipo dawa maalumu ya kuachisha bangi. Methadoni unayoisikia ni ya heroini, na mtu akikuuzia vidonge vya "kusafisha bangi" anakuibia. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa kukutana mara kwa mara na mtaalamu, kubadilisha saa za hatari (kwa Dogo ni ile asubuhi kabla ya chai), na watu wa nyumbani wanaojua kwamba hasira za wiki ya kwanza ni za mwili unaojirudi, wasizichukue kama dharau.

Na mwili unajirudi kweli. Kwa wanaovuta kila siku, vipokezi vile hupungua kwenye ubongo, ndiyo maana msokoto mmoja hautoshi tena. Picha za ubongo zilizopigwa na watafiti wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 2012, zilionyesha kwamba baada ya kama wiki 4 bila bangi vipokezi vilirudi karibu na kiwango cha kawaida. Mwambie Dogo hilo kwa maneno yake ya PCM, linampa mtu nguvu kuliko vitisho.

Daktari akiona inafaa atampa dawa za kutuliza sauti, pengine haloperidoli, risperidoni au olanzapini. Zingine hukakamaza shingo au mikono, zingine huongeza uzito na usingizi. Hayo yakitokea rudini mkaseme, dozi hubadilishwa na kuna kidonge cha kuondoa ukakamavu. Msiziache kimyakimya. Sauti zikinyamaza baada ya wiki chache, hapo ndipo familia nyingi husema amepona na kutupa dawa. Huko Denmark walifuatilia kwa miaka watu waliopata saikosisi iliyotokana na vilevi mbalimbali, na kati ya wale wa bangi karibu nusu walikuja kugundulika baadaye kuwa na skizofrenia au baipola. Kwa sababu hiyo kliniki iendelee hata akiwa anacheka na watu na kula mtori wake. Matibabu baada ya mara ya kwanza huchukua mwaka au zaidi.

Mama yako aombe. Simwambii aache, na hospitali haigombani na sala. Ila Dogo asifunge kula, asifungwe kamba wala mnyororo, na asiambiwe dawa ni kukosa imani. Mtu asiyelala na asiyekula sauti zinamzidi. Mchungaji mwenye busara atawaombea na kuwasindikiza kliniki, na akikataza dawa mtafuteni mwingine. Baba mwambie kwa heshima kwamba bangi ni kosa kwa sheria yetu ya mwaka 2015 na hakuna anayebisha, lakini mahabusu hakuna tiba, na kijana anayeamini watu wanamfuatilia mkimkabidhi kwa polisi mmemthibitishia kila kitu. Daktari yeye hafanyi kazi ya polisi. Mnachomweleza ni siri ya mgonjwa. Mkitaka ushauri wa uraibu kwa simu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119. Nyumba za upataji nafuu (sober house) zipo, ila kwa sasa si mahali pa kumpeleka mtu mwenye sauti kichwani, na yoyote inayopiga au kufunga watu minyororo iepukeni hata kama ni ya bei nafuu.

Chuo, hapana, si mwezi ujao. Mume wako ana nia njema, na kuhama kijiwe humsaidia mtu ambaye tatizo lake ni kijiwe. Dogo ataingia hosteli asikomjua mtu, bila usingizi, na mtihani juu yake, na wa kumwona haogi hatakuwepo. Bangi Dar es Salaam ataipata siku ya kwanza. Daktari akishamwona, mwombe barua, kisha uiandikie ofisi ya udahili ya chuo mapema, kabla ya tarehe ya kuripoti, ukiomba kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa. Vyuo vina utaratibu huo na huwa havihitaji maelezo marefu, barua ya hospitali inatosha. Kama aliomba mkopo, waarifu nao bodi ya mikopo ili jina lake lisije likaleta utata mwakani. Dogo mwenyewe mwambie habari ya kuahirisha akishaanza kulala, na akuone ukiiweka barua ya udahili kabatini, mahali anapopajua.